Daftari la Mgeni: Lugha ya Hesabu za Biashara katika Tanganyika, 1923

Katika mwaka wa 1923 maduka ya Wahindi yalifungwa katika miji ya Tanganyika, pwani na bara, na yakakaa katika hali hiyo kwa muda wa wiki nyingi. Waandishi wa historia aghalabu wamelieleza tukio hilo kuwa ni ugomvi wa kodi, na kweli kodi ilikuwamo. Lakini katika sheria zilizowaudhi wafanyabiashara wale palikuwa na sharti moja ambalo si la fedha bali la lugha: kwamba vitabu vya hesabu ya biashara viandikwe kwa mojawapo ya lugha zilizokubaliwa na Serikali. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha hizo, Kigujarati hakikuwamo. Makala haya yamekusudia kulitazama sharti hilo peke yake, kwa kuwa ladhihirisha jambo ambalo sisi wanafunzi wa lugha hatulipi haki yake tuzungumzapo juu ya wageni na lugha ya nchi, ya kwamba kusema lugha ni jambo moja, na kusomeka mbele ya Serikali ni jambo jingine.

Yafaa tuanzie Unguja, miaka tisini kabla ya hapo. Sayyid Said bin Sultan alipouhamishia utawala wake Unguja, ushuru wa forodha hakuukusanya kwa mikono ya watumishi wake, bali aliukodisha. Mwenye kuukodi alikuwa Jairam Shivji, Mbaniani wa Kutch, aliyekuwa akimlipa mtawala kiasi kilichopatanwa kila mwaka, kisha akijikusanyia ushuru bandarini kwa makarani wake mwenyewe. Baadaye kazi ilisimamiwa na Ladha Damji kwa niaba ya nyumba hiyo hiyo ya biashara, na katika miaka ya 1870 ikashikwa na Taria Topan, ambaye alikuwa Khoja. Hesabu za forodha ziliandikwa na makarani hao kwa Kigujarati. Basi kitabu kikuu cha mapato ya dola kilikuwa katika lugha ambayo haikuwa ya mtawala wala ya raia zake. Mikataba na barua za utawala ziliandikwa kwa Kiarabu, mji ulisema Kiswahili, na fedha ilihesabiwa kwa Kigujarati, wala hapana aliyeona ajabu.

Hatusemi kwamba mpango huo ulikuwa wa haki. Forodha ile ile ilitoza ushuru juu ya watu waliouzwa, na vitabu vilivyowahesabu watu hao pamoja na pembe na karafuu havistahili kusifiwa kwa sababu tu viliandikwa katika lugha ya wageni. Tulitakalo hapa ni kuonyesha kwamba Serikali yaweza kufanya kazi, tena kwa miaka mingi, ilhali haisomi vitabu vyake yenyewe, maadamu yupo mtu wa katikati ambaye inamwamini au inamhitaji. Hata Waingereza walipokuja kuibana biashara ya watumwa hawakuweza kumpita mtu huyo wa katikati. Sir Bartle Frere alipofika Unguja mwaka wa 1873, naye alipata kuwa Gavana wa Bombay, alifuatana na Kazi Shahabuddin aliyekuwa waziri wa mtawala wa Kutch, kwani ilijulikana kwamba wafanyabiashara wa Kutch wangesikiliza zaidi neno litokalo kwa mkubwa wao, kwa lugha yao, kuliko tangazo la balozi.

Juu ya zama za Wajerumani tutapita kwa haraka. Inajulikana kwamba walikifanya Kiswahili kuwa lugha ya utawala wa chini, wa maakida na majumbe, na kwamba shule ya Tanga ilitoa makarani waliokiandika kwa herufi za Kirumi na gazeti la Kiongozi likasomwa kwa herufi hizo hizo. Lisilokumbukwa sana ni kwamba chuo cha lugha za Mashariki cha Berlin, kilichofunguliwa mwaka wa 1887 na ambacho kilifundisha Kiswahili kwa maafisa waliokuwa wakija huku, kilifundisha Kigujarati pia. Maana yake ni kwamba palikuwa na watu katika Serikali hiyo walioona kuwa mzigo wa kulisoma daftari la Mhindi ulikuwa, kwa sehemu, mzigo wa Serikali.

Sasa na tulifungue daftari lenyewe. Vitabu hivyo vilikuwa virefu na vyembamba, vyenye jalada la nguo nyekundu, vilivyoshonwa kwa uzi. Kimoja kilikuwa cha mapokezi na matumizi ya kila siku. Kingine kiliwagawanya wadai na wadaiwa kila mtu na ukurasa wake. Mtindo wake wa kuandika kila jambo mara mbili, upande wa kutoa na upande wa kupokea, ni wa zamani sana katika Uhindi wa magharibi, na hesabu yake ni kamili. Mwaka wake haukuwa mwaka wa Serikali. Wahindu wa Gujarati hulifungua daftari jipya kwa ibada wakati wa Diwali, na mwaka wa Vikram huanza mara baada ya sikukuu hiyo, hivyo mwenye duka aliyefunga mlango wake katika Aprili ya 1923 alikuwa katika mwaka wa 1979 wa daftari lake. Tarakimu zake zilikuwa za Kigujarati, na mwandiko wa kale wa wafanyabiashara ulizoea kuziacha irabu nyingi bila alama, kwa kuwa mwandishi na msomaji walikuwa mtu mmoja, au baba na mwanawe. Sisi tuliowahi kuhangaika na barua za Kiswahili za herufi za Kiarabu, tukikisia kama neno ni la *e* au la *i*, la *o* au la *u*, hatuna haja ya kuelezwa taabu hiyo.

Zaidi ya hayo, wengi wa wenye maduka hawakusema Kigujarati nyumbani. Walisema Kikutchi, lugha iliyo karibu zaidi na Kisindhi, nayo haikuwa na maandishi yake ya biashara; aliyetaka kuandika Kikutchi aliandika Kigujarati. Makhoja nao walikuwa na herufi zao za dini, ziitwazo Khojki, lakini hesabu zao ziliandikwa Kigujarati kama za wengine. Kwa hiyo lugha iliyokataliwa na sheria haikuwa lugha ya mama ya watu wengi waliougomea uamuzi huo. Ilikuwa lugha yao ya kalamu, kama Kilatini kilivyokuwa kwa makarani wa Ulaya ya kale, na kama Kiswahili kilivyokuwa kikianza kuwa kwa karani wa Kichaga au wa Kinyamwezi.

Na Kiswahili je, walikijua? Walikijua kwa mdomo. Mwenye duka wa Tabora au wa Kondoa hakuweza kuuza kibaba cha chumvi bila Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili cha namna yake, chenye upatanisho wa kisarufi uliopunguzwa na ngeli zilizochanganywa, na wenyeji wa pwani walikicheka na wanakicheka hata leo. Lakini kilitosha kukopesha, kudai, kubembeleza na kugombana. Ukiwapima wageni wale kwa kipimo cha kusema lugha ya nchi, walikuwa wamekwisha kuingia katika maisha ya watu kuliko afisa wa wilaya ambaye alifanya mtihani wa Kiswahili akafuzu na kupata nyongeza ya mshahara.

Hapo ndipo Serikali ya Sir Horace Byatt ilipoleta sheria zake za leseni na kodi ya faida. Madai ya Serikali hayakuwa ya upuuzi. Anayetozwa kodi juu ya faida sharti aonyeshe faida yake, na afisa asiyeweza kuisoma hesabu atalazimika ama kumsadiki mlipaji ama kumkadiria kwa kubahatisha. Kila moja ya njia hizo mbili ni mbaya, na ya pili ni mbaya zaidi kwa mlipaji mwenyewe. Lakini palikuwa na njia ya tatu, nayo ni Serikali kuajiri wasomaji wa Kigujarati na kuwalipa. Mahakama zilikuwa na wakalimani. Posta na reli zilikuwa na makarani Wahindi tele. Gharama ya njia hiyo ingalikuwa juu ya hazina. Sharti la lugha lilikuwa ni namna ya kuihamisha gharama hiyo kutoka hazinani hadi dukani.

Kutajwa kwa Kiswahili katika sharti hilo kwaweza kumfurahisha msomaji wa jarida hili, na mimi nakiri kwamba nilipolikuta jambo hili kwa mara ya kwanza, nikiwa masomoni ng'ambo, nilifurahi. Lakini hebu tuulize: ni Kiswahili kipi? Katika 1923 hapakuwa na tahajia moja iliyokubaliwa. Mkutano wa elimu wa Dar es Salaam ulikuwa wa mwaka wa 1925; mkutano wa Mombasa uliokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulikuwa wa 1928; Kamati ya Lugha, ambayo ndiyo shina la taasisi yetu ya utafiti, ilianza kazi mwaka wa 1930. Istilahi za hesabu hazikuwa zimetulizana. Na Kiswahili walichokiandika makarani wa Serikali kilikuwa cha herufi za Kirumi, hata mzee wa Bagamoyo aliyeweka hesabu zake kwa herufi za Kiarabu, kwa Kiswahili fasaha kuliko cha karani yeyote, asingalisomeka kwa wepesi zaidi kuliko Mbaniani. Mfanyabiashara aliambiwa ahamie katika nyumba ambayo paa lake lilikuwa bado halijaezekwa.

Kama angalitii, angalihitaji karani. Karani huyo angalikuwa mtu wa nje ya ukoo, ajuaye Kiingereza au Kiswahili cha maandishi, naye angaliiona mikopo yote, hundi zote, na madeni ya nyumba moja ya biashara kwa nyingine kutoka Bombay hadi Mwanza. Biashara ya mkopo hukaa juu ya siri. Nadhani woga huu ulikuwa mkubwa kuliko hasira ya kodi, ingawa katika malalamiko ya hadhara kodi ndiyo hutajwa kwanza, kwa sababu kila mtu huielewa. Na ni nani angalikuwa karani huyo? Baadhi yao bila shaka wangalikuwa vijana wa Kiafrika waliotoka katika shule za Tanga na za misheni. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, mwaka wa 1922, Martin Kayamba alikuwa ameanzisha huko Tanga chama cha watumishi Waafrika wa Serikali. Watu wa kusoma na kuandika walikuwapo, ijapokuwa wachache. Sijui historia ingalikwendaje kama mlango huo ungalifunguliwa kwa njia nyingine, kwa mapatano na kwa muda, badala ya kwa amri.

Waliyoyafanya wenye maduka waliyaita kwa neno la kwao, *hartal*, ambalo asili yake ni maneno mawili, la duka na la kufuli. Mahatma Gandhi alikuwa amelipa neno hilo nguvu mpya katika Aprili ya 1919, alipowaita watu wa Uhindi kufunga maduka na kazi kwa ajili ya kupinga sheria za Rowlatt. Kiswahili hakikulipokea neno hilo, ingawa kililiona jambo lenyewe likitendeka mitaani. Kiliendelea na *mgomo*. Wahindi walikuwa na hoja za kisheria pia. Tanganyika ilikuwa imewekwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa mwaka wa 1922, na kifungu cha saba cha hati ya udhamini kiliwapa raia wa nchi zote wanachama haki sawa na za raia wa mdhamini katika kuingia, kukaa na kufanya biashara. Uhindi, ingawa ilitawaliwa, ilikuwa mwanachama. Mgeni wa Kihindi katika Tanganyika hakuwa mgeni wa hisani, alikuwa mgeni wa mkataba.

Yule ambaye hakuwa na mkataba ni mwenye nchi. Wakati maduka yamefungwa, mnunuzi wa mafuta ya taa na muuzaji wa karanga walikuwa Waafrika, na hasara yao haikuwa ndogo. Lakini hawakuulizwa, si na Serikali iliyokitaja Kiswahili chao katika sheria, wala na wafanyabiashara walioikataa sheria hiyo. Baraza la kutunga sheria halikuwapo. Lilipoundwa mwaka wa 1926 lilikuwa na wajumbe saba wasio wa Serikali, Wazungu watano na Wahindi wawili, na lugha yake ilikuwa Kiingereza. Waafrika wa kwanza, Kidaha Makwaia na Abdiel Shangali, waliingia mwaka wa 1945. Ndiyo kusema lugha ya walio wengi ilitumiwa katika ugomvi wa wengine wawili kama kigezo tu, kama vile mtu aazimavyo mizani ya jirani bila kumwuliza bei ya mahindi.

Kodi ya faida haikudumu. Sir Donald Cameron alipoushika ugavana mwaka wa 1925 mambo yalilegezwa, kodi ikaondolewa, na madaftari ya Kigujarati yakaendelea kuandikwa kwa miongo mingi. Lakini ushindi huo ulikuwa na upande wa pili. Daftari lilibaki limefungwa, na wana wa wenye maduka, walipotafuta lugha ya kuingilia katika mambo ya hadhara, hawakuchagua Kiswahili cha baba zao cha dukani wala Kigujarati cha daftari, bali Kiingereza, lugha ya baraza na ya mahakama kuu. Vijana wa Kiafrika waliosoma walifanya vile vile. Kiswahili kilichotajwa mwaka wa 1923 kuwa mlango hakikupitwa na mtu. Hata Spika wa baraza hilo, Abdulkarim Karimjee, ambaye ukoo wake wa Kibohora ulitoka Mandvi katika Kutch, aliongoza mazungumzo yake kwa Kiingereza katika jumba lenye jina la ukoo huo huo. Ilikuwa mpaka tarehe 10 Desemba, 1962, ndipo Rais Nyerere alipolihutubia Bunge kwa Kiswahili, siku moja baada ya kuzaliwa kwa Jamhuri.

Hata hivyo Kigujarati kilikuwa kimekwisha kuingia mjini kwa njia ambayo sheria haizuii. *Hundi*, *bima*, *laki*, *karani* na *cheti* ni maneno yaliyotujia kutoka lugha za Uhindi, nayo yote ni ya daftari na ya ofisi. Lililo na historia ya kushangaza zaidi ni *bepari*. Katika asili yake ni mfanyabiashara tu, bila sifa wala lawama, na kwa maana hiyo Mwalimu Nyerere aliliweka katika jina la tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare, Mabepari wa Venisi, mwaka wa 1969. Lakini miaka miwili nyuma yake, tangu Azimio la Arusha la 1967, *ubepari* ulikuwa umekwisha kuwa jina la mfumo wa unyonyaji, na neno ambalo wafanyabiashara wa Kigujarati walijiita nalo likawa linatumika katika mikutano ya hadhara dhidi ya watu kama wao. Hakuna Kamati ya Lugha iliyoamua hivyo. Watu walilichukua neno lililokuwa karibu, na lililokuwa karibu ni la duka.

Ingefaa mtu afikiri kwamba mambo haya yamepita. Lakini nchi hii imeendelea kupokea wageni, wengi zaidi na maskini zaidi kuliko wale wa 1923, na suala la nani amsome nani limerudi kwa sura nyingine. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 na kuwekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walisomesha watoto wao kwa mtaala wa Tanzania, yaani kwa Kiswahili katika shule za msingi, na kufikia mwaka wa 2014 wapatao 162,000 walipewa uraia. Wakongo waliowekwa Nyarugusu tangu 1996 walisomeshwa kwa mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, kwa kuwa walitarajiwa kurudi. Wengi wao walitoka Kivu ya Kusini, ambako Kiswahili ni lugha ya soko na ya mtaa. Kwa hiyo katika Tanzania kulikuwa na watoto wenye kusema Kiswahili waliofundishwa kwa lugha nyingine kwa jina la kuwahifadhia lugha yao. Kule Tanganyika ya 1923 kumlazimisha mgeni atumie Kiswahili kulikuwa kumwekea kizuizi. Hapa kumwepusha nacho ndiko kulikomwambia kwamba hakai.

Katika mahakama jambo limeandikwa wazi zaidi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania yataka ushahidi ufasiriwe mbele ya mshtakiwa kwa lugha anayoielewa, na mwaka wa 2021 Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zote, jambo ambalo wengi wetu tulilingoja kwa muda mrefu. Katiba ya Kenya ya 2010 imeongeza neno moja ambalo afisa wa kodi wa mwaka wa 1923 angalilielewa mara moja: mshtakiwa asiyeielewa lugha ya mahakama atapewa mkalimani *bila malipo*. Mzigo wa kuelewana umewekwa juu ya Serikali, kwa maandishi.

Na ama kuhusu uraia, Sheria ya Uraia wa Tanzania ya mwaka wa 1995 yamtaka mgeni aombaye kuandikishwa awe na ujuzi wa kutosha wa Kiswahili au wa Kiingereza. Ni ujuzi upi utoshao, wa ulimi au wa kalamu, hilo huachiwa wenye kupima. Mwenye duka wa Kondoa, akipimwa kwa ulimi, angalifaulu asubuhi moja, na jioni yake angalirudi kulifungua daftari lake jekundu na kuandika, kwa Kigujarati, nauli aliyoitumia.